Wifi Kajiunga na Timu ya Mbio, Mwaka Umekwisha Hana Medali. Aachishwe?

Tunajua wengi mnasubiri mitindo ya shela za msimu huu, na itakuja inshaallah. Leo tuna jambo jingine, lililokuja dukani limefungwa pamoja na oda ya harusi.

Biharusi wetu mmoja atasafiri kumfuata mumewe Marekani. Ametuletea oda mbili. Ya kwanza ni yake, nguo ya nikahi na ya kesha la hina. Ya pili ni ya wifi yake, binti wa miaka kumi na tisa aliye mwaka wa kwanza wa chuo kikuu katika jimbo la Minnesota: suruali tatu, kanzu fupi tatu na hijabu za kukimbilia. Kumbe binti yumo kwenye timu ya riadha ya chuo. Wakati huo huo, mkwe kamtumia biharusi ujumbe kuwa akishafika tu amshawishi binti aache mbio, kwani mwaka mzima umepita na hajaleta nyumbani hata medali ya bati. Biharusi akatuuliza sisi tunaonaje.

Tunaona asimwachishe. Kwanza ni vyema tueleze huyo binti kaingia vipi, kwa sababu tukishaelewa alivyoingia ndipo tutajua kama kuna haki ya kumdai medali.

Kwetu harusini kuna waalikwa na kuna wazamiaji. Mwalikwa ana kiti na sahani yake imeshahesabiwa. Mzamiaji anakula cha watu. Kwenye timu za vyuo vya Marekani waalikwa ni wale wasichana ambao makocha wamewafuatilia tangu wako sekondari, wamesoma muda wao wa mbio na wamewaahidi ufadhili. Halafu wapo waliojileta wenyewe. Wamarekani wana jina lao, wanawaita walk-on. Huyu hakuahidiwa kitu. Ada anajilipia, anamwandikia kocha mwenyewe kuomba ajaribiwe, na akipokewa anafanya mazoezi yale yale ya waalikwa. Kwa hiyo si mzamiaji hata kidogo, maana kaja na sahani yake na chakula chake, kaomba nafasi ya kukaa tu.

Na hata waalikwa msidhani wote wanalipiwa kila kitu. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kwa miaka mingi kiliruhusu timu ya wanawake ya riadha katika daraja la kwanza ufadhili kamili 18 tu. Hao 18 ni wa mbio za nyika, mbio za ndani na mbio za uwanja wa wazi kwa pamoja, na ndani yake wamo warukaji na warushaji. Kocha alikuwa akiukata ufadhili kama sisi tunavyokata doti ya kitambaa isiyotosha: huyu nusu, huyu robo, huyu atapata vitabu. Sasa katika hali hiyo, binti aliyejileta kuingia tu mlangoni kwapaswa kumfanya mama mtu aulize vizuri kabla ya kununa.

Kabla hajakimbia hata hatua moja, binti huyu alipita kwa daktari wa timu, na kati ya vipimo kulikuwa na cha selimundu. Alisaini mafomu mpaka mkono ukachoka, mwenyewe anasema. Karatasi zake za masomo zikakaguliwa, maana asiyesoma masomo ya kutosha haruhusiwi kushindana. Halafu ikaja siku ya majaribio mwezi wa Septemba, mita 800, kocha na saa yake. Alichukuliwa kwa nafasi ya mwisho. Alijua ni ya mwisho kwa sababu kocha alimwambia.

Msimu wa kwanza ni mbio za nyika, kwenye majani na matope. Wanawake wa daraja la kwanza kwenye ubingwa wa taifa wanakimbia kilomita 6. Timu inaingiza wakimbiaji 7, na wanaohesabiwa pointi ni 5 wa mwanzo. Fanyeni hesabu wenyewe. Kama mnafanya mazoezi kumi na saba, siku ya mbio kubwa kumi wanabaki kufua nguo zao. Wifi alikuwa miongoni mwa hao kumi msimu mzima. Aliamka alfajiri, akasali, akaenda mazoezini gizani, akarudi darasani na nywele hazijakauka chini ya mtandio, na Jumamosi akatazama matokeo ya wenzake kwenye simu.

Mara mbili alikwenda kwenye mbio ndogo akakimbia kwa jina lake mwenyewe, bila sare ya chuo. Mkwe aliposikia hilo akasema wamemfukuza. Hawakumfukuza. Kwa sheria waliyozoea huko, mwanafunzi ana misimu minne ya kushindania chuo ndani ya miaka mitano, na msimu ambao hakushindana kwa jina la chuo haukatwi kwenye ile minne. Makocha wengi wanamweka mgeni pembeni mwaka wa kwanza kwa makusudi, apate nguvu, msimu wake uhifadhiwe. Ni sawa na kitambaa kizuri ulichokifungia kabatini. Huwezi kumlaumu mtu kwamba hakukivaa.

Ikaja baridi. Januari kule theluji imelala nje, kwa hiyo mbio zinahamia ndani ya jengo, kwenye kiwanja chenye duara la mita 200. Mita 800 zinakuwa mizunguko minne badala ya miwili, kona ni kali, viwiko vinagongana. Hapo ndipo alipovaa sare ya chuo mara ya kwanza, na hapo ndipo alipofika wa mwisho katika kundi lake. Picha ikazunguka kwenye kundi la familia. Shangazi mmoja akaweka kicheko. Sisi hicho kicheko kimetuuma kuliko jambo lolote katika habari hii, na binti si wetu.

Ramadhani ya mwaka huu wa 2026 nayo ikaangukia Februari na Machi, pale pale penye mbio za ndani. Jua la Minnesota mwezi wa Februari linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo futari yao ilikuwa ya mapema kuliko yetu. Binti alimwendea kocha mapema, akamweleza, wakakubaliana kuwa mazoezi mazito afanye usiku baada ya kufuturu, mchana akimbie taratibu tu. Kocha si Muislamu, na binti ndiye mtu wa mwisho kwenye timu, mwenye kila sababu ya kuogopa kuomba. Aliomba.

Kufika Mei, uwanja wa wazi, mita zile zile 800 alizojaribiwa nazo Septemba, muda wake umepungua sekunde nne. Utasema sekunde nne ni kufumba na kufumbua. Kwa mwendo wake ni karibu mita 23, kama mabasi mawili makubwa yamesimama moja nyuma ya jingine. Yaani yule binti wa Septemba akishindana na huyu wa Mei, anaachwa mabasi mawili nyuma. Hakuna medali inayotolewa kwa hilo.

Sisi tuliosomea ushonaji tunaujua mwaka kama huu. Miezi ya mwanzo ya kozi hakuna anayekupa kitambaa cha mteja. Unakata magazeti, unashona mistari iliyonyooka kwenye kaniki mpaka unaiota usiku, unafumua, unapiga pasi, unashona vifungo vya kazi za watu. Nyumbani wanauliza, mbona hujaleta hata gauni moja? Wangapi waliacha mwezi wa tatu kwa swali hilo tu, na mikono yao ilikuwa mizuri kuliko ya sisi tuliobaki.

Huko huko Minnesota kuna mwanamke wa kumtaja. Hakuwa Muislamu, tunamtaja kwa mbio zake. Gabriele Grunewald, wakati huo akiitwa Gabriele Anderson, alitoka mji mdogo wa Perham akaingia timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota kwa njia hii hii ya kujileta. Mwaka 2009, bado yuko chuoni, akagundulika na saratani ya tezi za mate. Mwaka 2010 akawa wa pili katika mita 1500 kwenye ubingwa wa vyuo vya Marekani nzima. Mwaka 2012 kwenye mchujo wa Olimpiki alikuwa wa nne, na wanaokwenda ni watatu. Mwaka 2013 aliolewa na Justin, aliyekuwa mkimbiaji wa chuo hicho hicho, na mwaka 2014 akawa bingwa wa taifa wa mita 3000 za ndani. Saratani ilirudi, akaendelea kukimbia akiwa na kovu refu tumboni, na akafariki Juni 2019 akiwa na miaka 32.

Hatusemi wifi atakuwa Gabriele. Wengi waliojileta hawafiki popote panapoandikwa gazetini. Wanamaliza chuo, wanapata kazi, wanazaa, na viatu vya spaiki vinakaa kwenye boksi. Tunachosema ni kwamba kwa mtu wa namna hii mwaka wa kwanza hauwezi kukwambia ataishia wapi, na anayeutumia kumhukumu anahukumu nguo ikiwa bado ni vipande mezani.

Sasa tuje kwenye nguo zenyewe, maana hapa ndipo penye kazi yetu na maswali mengi ya biharusi yalikuwa hapa.

Nguo ya kukimbilia ya mwanamke wa Kiislamu haishonwi kwa kitambaa cha baibui. Pamba nayo haifai. Inanyonya jasho ikalishikilia, na ukitoka ukumbini kwenye baridi ile nguo mbichi inakugandia mgongoni. Tunatumia jezi ya poliesta yenye laikra, inayovutika pande zote nne, rangi nzito, kwa sababu rangi nyepesi ikilowa inaonyesha. Kabla ya kukata, lowesha kipande, kiweke juu ya mkono wako kwenye mwanga. Ukiona ngozi, rudisha dukani. Mshono uwe wa ovaloki au zigizaga, la sivyo utakatika mara ya kwanza anaponyoosha hatua. Kanzu ifike karibu na goti, iwe na mpasuo pembeni na kipande cha kitambaa kile kile ndani ya mpasuo, mguu uwe huru na paja lisionekane. Usiishonee mfuko wa mbele. Unadunda.

Hijabu ni ya kuvaa kichwani moja kwa moja, haina pini kabisa. Pini kwenye mbio ni hatari kwake na kwa wenzake. Mshono usipite juu ya sikio, unachubua. Iwe ndefu ya kushuka kifuani, ncha zake ziingie ndani ya kanzu. Ukimaliza, mvalishe mtu, mwambie achuchumae, aruke, ainame mpaka chini, anyanyue mikono. Kikitoka kitu mahali pake, fumua.

Msidhani tumebuni wenyewe. Mwaka 2015, mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis, wasichana wenye asili ya Afrika Mashariki, wengi wao Wasomali, walikaa pamoja na wataalamu wa ubunifu wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakachora sare zao wenyewe za mpira wa kikapu, za stara. Mwaka 2017 kampuni ya Nike nayo ikatoa hijabu ya michezo. Kabla ya hapo, London mwaka 2012, Sarah Attar, binti wa baba Msaudi aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Pepperdine huko California, alikimbia mita 800 za Olimpiki amefunika kichwa na mikono. Alikuwa wa mwisho kwa mbali sana, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia.

Lakini na vikwazo vipo, tusidanganyane. Mwaka 2019 huko Ohio binti mmoja wa sekondari alimaliza mbio zake za nyika, akaenda kutazama matokeo, jina halipo. Alifutwa kwa sababu ya hijabu, eti hakuleta barua ya ruhusa. Jimbo lilikuja kubadilisha sheria mwaka 2022. Ndiyo maana tulimwambia biharusi amweleze wifi ampelekee kocha picha za nguo hizi mapema, na rangi zifanane na za timu, lisitokee la kutokea mstarini.

Kuna wenzetu watasema tatizo si nguo, ni macho ya watu, na mabinti kukimbia mbele za wanaume. Hilo tunaliheshimu, na sisi ni mafundi, hatutoi fatwa. Muulizeni mnayemwamini kwa elimu yake. Ila turudi kwenye ujumbe wa mkwe. Mkwe hakusema stara. Binti alikimbia sekondari miaka mitatu hapo hapo Marekani, akaleta vikombe, na vikombe vikapangwa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Hoja ni medali. Hoja ya medali ikija, tuijibu kama hoja ya medali, tusiivishe kanzu ya dini ionekane nzito. Tumeona hivyo mara nyingi kwenye mambo ya mabinti na tumechoka nayo.

Na gharama? Ndiyo, hana ufadhili, na chuo cha Marekani si bei ya mchezo. Lakini ile ada anailipa akikimbia na akilala. Akitoka kwenye timu haipungui hata senti. Kitakachoondoka ni daktari wa timu, kocha, na wasichana arobaini wanaomsubiri alfajiri katika nchi ambayo mwanafunzi anaweza kukaa wiki nzima chumbani asiulizwe hali. Alama zake zikishuka, hapo sawa, hapo sisi tutakuwa wa kwanza kusema apumzike. Hazijashuka. Sheria inazuia mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, wala saa 4 kwa siku, na siku moja lazima wapumzike. Wengi wa rika lake saa hizo wanazimaliza kwenye simu.

Jambo la haraka zaidi ni hili. Juni 2025 jaji wa Marekani aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kile kikomo cha ufadhili 18 kikaondoka kwa vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo, na badala yake kikaja kikomo cha watu: riadha wasizidi 45, mbio za nyika wasizidi 17. Likisikika haraka ni jambo zuri. Lakini zamani kocha mwenye moyo aliweza kumweka pembeni binti aliyejileta hata kama timu imejaa, kwa sababu hakuwa akimgharimu ufadhili. Sasa naye anachukua namba. Vyuo vingi vilipopunguza orodha zao, waliotoka mwanzo walikuwa hawa hawa. Kwa hiyo wifi kukaa kwenye timu mpaka Mei ni jambo ambalo kocha amelichagua, hakumsahau tu pale kwenye orodha. Akitoka kwa hiari leo, Septemba kiti chake kina mtu, na mlango wa kujileta umeshakuwa mwembamba kuliko alioingilia. Anaweza kukatwa Agosti hata akibaki. Hilo analijua na bado anafanya mazoezi ya kiangazi peke yake.

Kwa biharusi wetu, na maharusi wengine mnaoingia nyumba za watu mwezi huu: kutumwa kumwachisha binti kitu anachokipenda kabla hata hujajua sukari ya nyumba ile inakaa wapi ni kutafutiwa uadui wa miaka. Usikatae kwa jeuri. Mwambie mkwe, mama, nipe muda nimjue kwanza. Kisha muulize wifi muda wake wa Septemba na wa Mei, uandike kwenye karatasi, uuweke mahali mkwe atauona. Na msimu wa ndani ukianza, mchukue mkwe mwende mkamtazame, uwanjani hasa, si kwenye simu. Tulimuuliza biharusi kama mama mtu amewahi kumuona binti yake akikimbia tangu aingie chuo. Akasema hapana, na kutoka nyumbani mpaka kiwanjani ni nusu saa kwa gari.